Mkoba wa Afande

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa na kazi aliyojipangia mwenyewe: kukagua kopo la sukari. Alipanda juu ya stuli, akalishusha kopo kutoka juu ya kabati, akafungua mfuniko na kuchungulia. Sukari ikiwa imetulia kama alivyoiacha, naye alitulia. Lakini akiona kishimo, hata kiwe kidogo vipi, nyumba nzima iliamka.

"Tembo! Njoo hapa. Toa ulimi."

Tembo alikuwa mdogo wake wa miaka tisa, mwembamba mpaka ungedhani upepo ukizidi atahitaji kushikiliwa. Jina hilo alipewa akiwa mchanga, kwa sababu alizaliwa na mashavu na mapaja ya kuwatosha watoto wawili. Baadaye kisukari kilikuja kikamkondesha, kaptula zake zikahitaji kamba, lakini jina likakataa katakata kuondoka.

"Labda ni panya, Dada," alisema Tembo, ulimi ukiwa nje.

"Panya mwenye kidole?"

"Panya wa siku hizi wana kila kitu."

Mama yao, fundi cherehani aliyefanyia kazi sebuleni, alicheka huku akitia uzi kwenye sindano. "Afande, mwache mwenzako anywe uji wake." Ndiyo, hilo ndilo jina alilompa binti yake, Afande, na lilimkaa vizuri kama sare iliyoshonwa kwa vipimo. Nasi tutamwita hivyohivyo.

Msimcheke sana Afande, maana ukali wake ulikuwa na chanzo. Mwaka uliotangulia alimwona mdogo wake akinywa maji bila kushiba, akikojoa bila kukoma, akilala darasani, mpaka siku moja hakuamka vizuri. Hospitalini, Afande alikuwa ameketi kwenye benchi la korido aliposikia daktari akimwambia mama, "Sukari imepanda sana." Maneno hayo yalimwingia moyoni yakakaa. Baadaye walielezwa kwamba mwili wa Tembo umeacha kutengeneza insulini, yaani kile kinachouwezesha mwili kutumia sukari, na kwamba atachomwa sindano ya insulini kila siku ya maisha yake. Afande alisikiliza, lakini kichwani mwake jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Sukari ilitaka kumuua mdogo wake. Kwa hiyo sukari ni adui, na adui halali nyumba moja na watu wenye akili timamu.

Baba yao alikuwa dereva wa lori, na wiki nyingi alikuwa barabarani. Nani basi alinde nyumba, kama si Afande?

Sasa, katika mji ule kulikuwa na msafara wa baiskeli uliofanyika kila mwaka ili kuchangia kliniki ya watoto wenye kisukari. Ulikuwa msafara wa zamani. Mama alipokuwa binti wa shule aliushangilia akiwa kando ya barabara, bila kujua kwamba siku moja utamhusu. Bango lake lilikuwa limeshonwa na kushonwa tena, kila mwaka kipande kipya, na mwaka huu kazi hiyo ilimwangukia mama, ambaye aliifanya bila malipo na kwa mishono midogo kuliko ile ya nguo za harusi.

Watoto wa kliniki waliotaka kuendesha waliruhusiwa kushiriki sehemu fupi tu, ile iliyopita mjini. Na hapo palikuwa na desturi moja. Kila mtoto mgonjwa alipewa mwenza wa kumfuata nyuma kwa baiskeli, akiwa amefunga kwenye usukani utepe wa rangi moja na wa mtoto huyo. Mwenza ndiye aliyebeba mkoba mdogo wa kuvaa kifuani, wenye vitu vya mtoto. Mtoto hakubeba mwenyewe, kwa sababu miaka ya nyuma watoto walibeba, na inasemekana hakuna biskuti hata moja iliyowahi kufika kona ya kwanza.

Tembo alipoulizwa mwenza wake awe nani, hakufikiri hata kidogo. "Dada yangu. Ni mkali, lakini anajua kunifuata."

Afande alikausha uso, kumbe moyoni furaha inaruka kamba.

Siku moja kabla ya msafara, wenza wote waliitwa kwenye ukumbi wa shule. Nesi wa kliniki alisimama mbele, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika mlango wa nyuma bila kipaza. Alieleza njia, vituo vya maji na namba yake ya simu iliyochapwa mgongoni mwa fulana zote. Kisha akainua mkoba mmoja.

"Humu mna pakiti ya juisi, glukosi ya unga na biskuti. Mtoto akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi, au akawa kama mtu asiyejielewa, msingoje. Mpeni juisi kwanza, au glukosi. Mmenipata?"

Afande alihisi kama benchi limesogea. Juisi? Glukosi? Si ndiyo sukari yenyewe hiyo, tena imesagwa ikawekwa kwenye mkoba mzuri? Alitazama kulia na kushoto kuona kama kuna mwingine aliyeshtuka. Hakuna. Msichana mmoja alikuwa akijisuka nywele. Mvulana mmoja wa mbele alinyoosha mkono akauliza kama baiskeli isiyo na breki inaruhusiwa, na ukumbi mzima ukaangua kicheko mpaka akazama kitini. Afande, ambaye mkono wake ulikuwa umeanza kupanda, aliushusha akajikuna sikio.

"Haya, mmeelewa?" aliuliza Nesi.

"Ndiyooo!" waliitikia wote kwa pamoja.

Na Afande naye aliitikia, tena kwa sauti.

Alirudi nyumbani na mkoba wa rangi ya chungwa kifuani na kichwa kilichovurugika. Alimkuta mama akipiga pasi lile bango, amebana pini mdomoni.

"Mama, hivi mtu mwenye kisukari anaweza kupewa sukari?"

Mama alisimamisha pasi. Kitu fulani kilipita usoni mwake, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani asilolisoma. Alizitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Nesi amesemaje?"

"Amesema tumpe juisi."

"Basi... wana sababu zao wale. Lete kitambaa kile, jua linazama na kazi haijaisha."

Hilo halikuwa jibu, na Afande alijua. Akaenda uani kumtafuta Tembo, aliyekuwa akiipaka baiskeli yake mafuta mpaka kwenye kiti.

"Tembo, sema kweli. Wewe unaruhusiwa kunywa juisi?"

"Nikitetemeka, ndiyo. Nesi aliniambia."

"Nesi alikuambia, au tumbo lako limekuambia?"

"Nesi! Haki ya Mungu, Dada."

Lakini Tembo alikuwa na kesi nyingi sana za kopo la sukari, na shahidi wa namna hiyo hasikilizwi. Afande aliketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni akauweka mkoba magotini. Alifikiri hivi, akafikiri vile. Juisi ilikuwa sukari, sukari ilimlaza mdogo wake hospitali, na hospitali hiyohiyo sasa inampa juisi. Kila alipojaribu kuziunganisha, habari hizo zilimkwepa. Mwishowe alipata jibu la kumpoza roho: waliopanga mikoba walipanga ya aina moja kwa waendeshaji wote, wazima na wagonjwa, wakasahau. Watu wazima nao husahau. Na Nesi je? Labda alikuwa akisema na wenza wa watoto wengine.

Kwa hiyo akaitoa ile juisi. Akatoa glukosi na biskuti, akavifungia vyote ndani ya sanduku lake la nguo. Mahali pake akaweka karanga, tango lililokatwa vizuri, yai la kuchemsha na chupa ya maji. Alipofunga zipu alijisikia mlinzi kamili. Hakumwambia mtu, na kama angejiuliza kwa nini hakumwambia mtu, huenda hadithi hii ingekuwa fupi.

Asubuhi ya msafara Tembo alichomwa sindano yake, akala, akapimwa na Nesi pale pa kuanzia, akaambiwa yuko sawa. Kulikuwa na ubaridi wa kupendeza. Bango lilitangulia juu ya pikapu ya msafara, na mama alipanda humo pamoja na Nesi ili kugawa maji vituoni. Filimbi ikalia. Baiskeli zikatoka kwa kelele za kengele na za watu wanaogombana nani amemgonga nani.

Mwanzoni Tembo aliruka kama aliyefunguliwa kamba. Aliimba, akapunga mkono kwa watu asiowajua, akajaribu kulipita bango lenyewe. "Punguza!" Afande alifoka nyuma yake. "Unashindana na nani?" Tembo hakusikia, au alisikia akaamua kutosikia, jambo alilokuwa na kipaji nalo.

Walikuwa wamepita kituo cha kwanza cha maji, na kundi limetawanyika, wimbo ulipokatika katikati ya mstari. Afande alishukuru kimyakimya, maana sauti ya mdogo wake haikuwa zawadi kwa yeyote. Kisha akaona baiskeli ya mbele inayumba. Walipofika njiapanda, waendeshaji wote waliingia kushoto kulikokuwa na mishale. Tembo akaenda kulia.

"Tembo! Siyo huko!"

Hakugeuka. Afande akamfuata kwenye barabara ya maghala, yenye kuta ndefu na mageti yaliyofungwa kwa sababu ya siku ya mapumziko. Alimfikia, akamkata mbele kwa baiskeli yake.

"Unaenda wapi wewe?"

"Nyumbani," alisema Tembo.

"Nyumbani ni huku?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Afande alimkodolea macho. "Mwalimu nani? Tembo, acha utani, wenzetu wanatuacha."

"Niache! Niache!" Tembo alipiga kelele ghafla, akaisukuma baiskeli ikaanguka. Akaketi ukingoni mwa barabara. Fulana yake ilikuwa imeloa chapachapa, na asubuhi ile haikuwa na joto. Mikono yake ilitetemeka. Alimtazama dada yake kama anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

Afande aliogopa. Hakujua anaogopa nini, na hilo lilizidi kumtisha. Huu ulikuwa utani? Hasira? Ugonjwa? Mwaka jana alipougua alikuwa mlegevu na mwenye kiu, leo amefoka na kutoka jasho. Ishara alizozitaja Nesi jana zilimpita kichwani, lakini zote ziliishia kwenye juisi, akazisukuma kando. Akafungua mkoba. Akampa maji, yakamwagika kifuani. Akampa tango, Tembo akaling'ata mara moja akaliachia. Akampa karanga, akazitafuna polepole huku macho yakiangalia ukuta.

Mbele kidogo kulikuwa na kibanda cha mlinzi kwenye geti la ghala. Afande alimshika Tembo kwapani, nusu akimkokota nusu akimbembeleza, mpaka pale.

"Shikamoo, mjomba. Naomba msaada. Mdogo wangu haelewi anachosema."

Mlinzi, mtu mzima mwenye koti kubwa kuliko yeye, alizima redio yake mara moja. "Marahaba. Mketishe hapa kwenye kiti. He, mtoto amelowa! Ana nini?"

"Ana kisukari."

"Maskini. Ngoja, nina soda hapa, sijainywa sana, apate nguvu..."

"Hapana!" Afande aliruka akasimama kati ya chupa na mdogo wake. "Usimpe! Ina sukari, itamuua!"

Mlinzi aliirudisha chupa mezani kwa haraka. "Samahani, binti. Mimi sijui mambo hayo. Wewe ndiye unayejua. Haya, niambie, tufanye nini?"

Wewe ndiye unayejua. Maneno hayo yalimfika Afande kama maji ya baridi. Mtu mzima mwenye ndevu alikuwa amesimama akingoja amri yake, na yeye hakuwa na amri ya kutoa. Alimtazama Tembo, ambaye kichwa chake kilikuwa kimeanza kuinama. Alitazama soda. Alitazama mkoba wenye yai la kuchemsha. Kila kitu kichwani kiligongana.

"Sijui," alisema, na machozi yakamtoka. "Mjomba, mimi sijui."

"Basi tumpigie anayejua. Hakuna mtu wa kumpigia?"

Afande aligeuka, akamwonyesha mgongo wake. Mlinzi akaisoma namba kwenye fulana, akabonyeza simu, akampa.

"Nesi, ni mimi, dada yake Tembo. Amepotea njia, anatetemeka, ameniita Mwalimu..."

"Mko wapi?" Afande alieleza. Sauti ya Nesi ilikuwa ya haraka lakini haikupanda. "Tunakuja. Sasa mpe juisi iliyo kwenye mkoba. Sasa hivi."

Afande aliutazama mkoba.

"Unanisikia? Mpe juisi."

Hapo palikuwa na njia nyingi za kupita. Angeweza kusema imeanguka. Angeweza kusema Tembo amekwisha kuinywa, nani angemshuku? Uongo ule ulimjia mdomoni ukiwa tayari, umeshachanwa nywele. Lakini Nesi asingeweza kumsaidia Tembo kwa habari za uongo, na Afande aliliona hilo wazi, jambo moja lililokuwa wazi asubuhi ile nzima.

"Haipo, Nesi. Niliitoa. Na glukosi nimeitoa. Nilidhani mmekosea."

Afande aliibana simu sikioni.

"Umefanya vizuri kuniambia," Nesi alisema. "Nisikilize. Ameamka? Anaweza kumeza?"

"Ametafuna karanga, lakini polepole. Macho yako wazi."

"Kuna nani hapo? Ana chochote kitamu? Chai ya sukari, soda?"

"Mlinzi ana soda."

"Siyo ile isiyo na sukari?"

Afande alisoma chupa. "Ya kawaida."

"Mpe hiyo. Mafunda madogo madogo, akiwa ameketi wima. Akishindwa kumeza, acha, uniambie. Usikate simu."

"Nesi, haitamuua?"

"Mwanangu, sasa hivi sukari yake imeshuka mno. Hiyo soda ndiyo anayoihitaji."

Imeshuka? Katika siku zote za kulinda kopo, Afande hakuwahi kufikiri kwamba sukari inaweza pia kushuka. Bado hakuelewa. Lakini alimpa mlinzi simu aishikilie, akachukua chupa, na kwa mkono uleule uliozoea kumnyang'anya mdogo wake kila kitamu, akaiweka kwenye midomo yake.

"Kunywa, Tembo. Kidogo. Tena. Kunywa, mdogo wangu, sitakugombeza."

Tembo alikunywa. Soda nyingine ilimwagika, nyingine ikaingia. Mlinzi alisimama kando amejishika kidevu. Afande alihesabu pumzi za mdogo wake, akapoteza hesabu, akaanza tena. Alijiambia kwamba kama amekosea hata safari hii, hatajisamehe.

Kisha Tembo alikunja uso.

"Hii soda ina joto," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa ya kulalamika. Akaangaza macho. "Dada, mbona tuko hapa? Na huyu mzee ni nani?"

Afande alimkumbatia akalia kwa sauti, mpaka mlinzi ikabidi ageuke na kujifanya anakagua kufuli.

Pikapu ilifika kwa kishindo. Mama aliruka kabla haijasimama vizuri. Nesi alimchoma Tembo kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akatazama. "Inapanda. Vizuri." Akampa biskuti, na Tembo akazipokea huku akimwangalia dada yake kwa wasiwasi, kuona kama amri imebadilika kweli.

Mama aliuchukua mkoba akaufungua. "Karanga? Yai? Nani amepanga huu? Wale kina mama wa mikoba wanamfanyia mzaha mtoto wangu!"

Nesi alijua. Alimtazama Afande tu.

"Ni mimi, Mama," alisema Afande. "Juisi iko kwenye sanduku langu la nguo. Niliona ni sukari, nikaogopa."

Nesi akaketi ukingoni mwa barabara, akamwonyesha Afande nafasi kando yake ili aketi naye.

"Jana niliuliza kama mmeelewa. Wewe ulijibu nini?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeelewa?"

"Hapana."

"Kilikuzuia nini kusema?"

"Wote walisema ndiyo. Na yule aliyeuliza alichekwa."

Nesi aliitikia kwa kichwa. "Sikiliza, binti yangu. Ulitaka kumlinda ndugu yako, na kwa hilo sina neno. Lakini ulikuwa na jambo usilolielewa, ukalificha, kisha ukalifanyia kazi kama vile unalielewa. Hapo ndipo palipotaka kutuharibikia. Nami nina kosa langu. Nimeuliza 'mmeelewa' miaka yote hii, na miaka yote nimejibiwa ndiyo. Kuanzia sasa kila mwenza atanieleza kwa maneno yake mwenyewe kabla hajapewa mkoba."

Kisha akamweleza. Sukari mwilini ni kama kuni jikoni, alisema. Zikijazana bila kutumika ni hatari, na ndiyo yaliyompata Tembo mwaka jana. Lakini zikiisha, moto unazima. Insulini inapunguza sukari iliyo kwenye damu, na kupiga pedali nako kunaipunguza. Leo vyote viwili vimekutana, sukari ikashuka kupita kiasi, na ubongo ukikosa sukari mtu hutetemeka, hufoka, huchanganyikiwa. Karanga na yai haviwezi kumwahi, lakini juisi inaweza. Ndiyo maana kuna siku za kumnyima na kuna saa ya kumpa upesi.

"Mimi nilimwambia," alisema Tembo, mdomo umejaa biskuti. "Nilimwambia kabisa."

"Kweli aliniambia," alikiri Afande. "Nisamehe, Tembo."

"Nimekusamehe. Lakini uendelee kuwa mwenza wangu. Nani mwingine angenifuata mpaka huku?"

Nesi alisema Tembo atapanda pikapu kwanza, na akipimwa tena akaonekana sawa, atamaliza kipande cha mwisho kwa baiskeli, polepole, dada yake nyuma na juisi mpya kifuani. "Haya," alimwambia Afande, "nieleze sasa. Sukari ikishuka utaona nini, na utafanya nini?"

Afande alieleza. Aliposahau jambo alisema "hapa sijui," Nesi akamjazia, akaendelea mpaka mwisho.

Nesi aliposimama kukung'uta gauni lake, mama alimgusa mkono. Alikuwa bado ameushika mkoba kwa mikono miwili.

"Nesi, usiondoke kwanza. Akitetemeka usiku mimi humpa chai ya sukari. Huwa nampa kwa kujificha, kama mwizi, kwa sababu nilidhani ninamdhuru na sijui lingine la kufanya. Siku ile ya kwanza mlinieleza mengi. Mimi nilikuwa naitazama sindano tu. Mlipouliza kama nimeelewa, nilisema ndiyo. Nimekuwa nikisema ndiyo tangu siku hiyo."

Afande alimtazama mama yake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Hakujua kwamba watu wazima nao hubeba jambo kama hilo, tena kwa mwaka mzima. Akasogea ili kumpa nafasi.

Mama akaketi kati ya binti yake na Nesi, hapo barabarani, na sketi yake nzuri ya msafara. "Nieleze tangu mwanzo," alisema. "Taratibu. Na ukimaliza, usiniulize kama nimeelewa. Nami nataka kueleza."

Nesi akaanza upya tangu mwanzo. Kisha zamu ya mama ikafika. Alieleza kwa sauti ndogo, akakosea katikati, akarudi nyuma, akaanza tena, na hakuna aliyemcheka.